Kitenzi Kilichoniumbua

Leo sina vichekesho. Nina kitenzi kimoja cha Kihispania ambacho kimeninyima usingizi hapa Boito.

Kihispania nilianza kwa sababu ya La Liga, nilichoka kusikia watangazaji wakipiga kelele nisielewe. Kila jioni, tukishapeleka majani chai kituoni na Mama, nakaa nje na simu na daftari. Wiki iliyopita nikafika kwa deteriorar. Maana yake ni kuharibu kitu polepole, kidogo kidogo. Hakivunjiki pap! Kinachakaa, kinazorota.

Enyewe ni kitenzi kisicho na maringo. Kinaishia na -ar, ukijua hablar umekijua: deterioro, deterioras, deteriora, deterioramos, deterioráis, deterioran. Hata deterioro yenyewe inafanya kazi mbili: ni "naharibu" na pia ni "uharibifu". Dakika kumi nimemaliza, nikajiona mwalimu.

Halafu nikakutana na se. Deteriorar ni kuharibu, deteriorarse ni kuharibika. Nikacheka, kwa sababu hii hata sisi tunayo. Vunja, vunjika. Haribu, haribika. Ukishaweka hiyo -ika, aliyefanya anatoweka. Glasi imevunjika. Nani ameivunja? Hakuna, imevunjika tu! Kila mtoto amewahi kujificha hapo.

Kicheko kikaisha haraka, manze, kwa sababu mimi bado niko hapo hapo nimejificha. Mtu akiniuliza kuhusu chuo, jibu langu kwa miaka miwili limekuwa moja: "Masomo yaliharibika." Ati yaliharibika. Yenyewe.

Ukweli ni huu. Kwanza niliacha darasa la Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyeniuliza. Kisha nikaacha la Jumatano. Kisha nikakosa mtihani mmoja, nikasema nitaurudia. Mama akatuma karo kutoka kwa pesa ya bonasi, ile pesa kubwa ya chai inayokuja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Hiyo karo sikuilipa. Nilinunua simu ya kurekodi video. Ndiyo hii ninayoandikia.

Mama nilimwambia chuo kilikuwa na shida. Akaamini.

Kihispania cha wakati uliopita kikanibana vizuri. Se deterioró, iliharibika. Deterioré, niliharibu. Nikaandika kwa daftari: Deterioré la confianza de mi madre. Niliharibu imani ya mama yangu. Sentensi fupi, na hakuna -ika ya kujifichia.

Jana asubuhi tukiwa shambani nikamwambia. Kwa Kiswahili, si kwa Kihispania. Hakugeuka. Mikono yake iliendelea: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Tulipofika mwisho wa mstari akauliza, "Ilikuwa pesa ngapi?" Nikamtajia. Akanyamaza tena, kisha akaonyesha shamba la jirani aliyehamia mjini. Huko chai imeachwa mpaka imekuwa miti.

"Weri," akasema, "hiyo haikuharibika. Iliachwa. Wiki ya kwanza hakuna mtu aliona."

Kisha akaniambia nitamrudishia yote, nianze na mwezi huu. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza.

Sisemi kila aliyeacha chuo ni kama mimi. Kuna wenzangu walikosa karo kabisa, kuna waliouguza wazazi. Hao kwao kweli mambo yaliharibika, na hakuna haja ya kuwahubiria. Mimi naongea na wewe ambaye unajua vizuri ulichofanya, lakini ukiulizwa unasema "mambo yalienda vibaya tu."

Kwa hivyo leo jaribu zoezi langu. Chukua ile hadithi yako, toa -ika, uweke "mimi" mwanzoni. Kama bado ni kweli, unajua ni nani anangoja kuisikia.

Mimi narudi shambani, nina deni.