Gitaa la baba mkwe

Hivi kwenu kuna kitu ambacho hakiguswi? Kila familia inacho. Kwa wengine ni cherehani ya bibi, kwa wengine ni baiskeli ya babu iliyoning'inizwa stoo tangu enzi za Mwalimu. Unapoolewa unaonyeshwa sufuria, unaonyeshwa shamba, unatambulishwa kwa mashangazi wote, ila sheria za kitu hicho hakuna anayekuambia. Unazijua siku unapotaka kukifuta vumbi na watu wote sebuleni wananyamaza.

Sisi tunaishi Mpanda. Ukiwaambia watu wa Dar unakaa Katavi wanakuuliza habari za viboko wa mto Katuma, basi. Lakini na huku watu wanapenda, wanagombana, wanapatana. Kitu chetu kisichoguswa kilikuwa gitaa.

Si gitaa lile la kawaida la kwaya lenye tundu la duara katikati. Hili lina tumbo lililobinuka kama fidla, na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f. Ni Höfner, kutoka Ujerumani, la kampuni iliyoanzishwa na Karl Höfner mwaka 1887. Baba mkwe alikuwa mtu wa reli. Njia ya treni ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita kama 210, ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi uliokuwa huku, na kijana wa reli aliweza kufika Tabora mara kwa mara. Huko Tabora ndiko alikolinunua, miaka ya 1960, kwa mpigaji mwenzake aliyekuwa na shida ya pesa.

Wasomaji wadogo huenda hamjui kwamba bendi zetu za dansi za zamani zilipenda kujiita Jazz. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, NUTA Jazz mwaka 1964, na Tabora nao walikuwa na Tabora Jazz yao. Muziki wenyewe haukuwa jazi ya Marekani, ila jina lilipendeza na baadhi ya vyombo vilifanana. Magitaa ya tumbo lililobinuka yalibuniwa ili yasikike katikati ya saksafoni na ngoma kabla amplifaya hazijaenea. Gibson walitoa L-5 yao mwaka 1922, na wengine wakafuata. Freddie Green alikaa na bendi ya Count Basie kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1987, akipiga ridhimu tu kwa gitaa la aina hiyo. Karibu kamwe hapigi solo. Lakini ukimwondoa, bendi nzima inayumba.

Baba mkwe alikuwa mtu wa namna hiyo, na gitaa lenyewe lilitoa ushahidi.

Miaka mitatu iliyopita mzee alifariki na gitaa likaja kwetu. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na kupiga gitaa alifundishwa na baba yake. Nilidhani sasa nyumba itakuwa na muziki. Wapi! Alilipiga jioni moja, akalirudisha kwenye boksi, akalisukuma chini ya kitanda. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Limechoka." Na yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Wanaume wetu wengi hawalii msibani. Wanaendelea tu na kazi, halafu mwaka unapita na wewe mkewe unagundua kwamba mtu unayelala naye hajaimba bafuni tangu mazishi.

Siku moja nililitoa mwenyewe nikalitazama. Kwenye shingo ya gitaa kuna vyuma vyembamba vinavyokatiza, wapigaji wanaviita freti. Ukibana waya nyuma ya freti, waya unakuwa mfupi na sauti inapanda. Freti tano za kwanza zilikuwa zimechimbika vishimo chini ya kila waya, kama kizingiti cha mlango kilichokanyagwa na vizazi. Kuanzia ya saba kwenda juu zilikuwa kama mpya. Miaka hamsini mzee alikaa pale chini akipiga ridhimu, akiwaachia wengine kule juu wang'are.

Tukalipeleka kwa fundi, Makanyagio. Ni seremala wa mninga, vitanda na makabati, ila vijana wa kwaya karibu wote wanampelekea magitaa yao. Alibana waya kwenye freti ya kwanza, akapiga. Likakoroma. Akatueleza: waya ukizama kwenye shimo unagusa freti inayofuata, ndiyo maana unakoroma. Na freti iliyobapa juu haimalizi waya mahali pamoja, kwa hiyo hata ukilityuni vizuri, ukibana kodi sauti inapotoka.

Akatupa njia tatu. Ya kwanza, kuzipiga tupa freti zote zishuke zilingane na iliyochimbika zaidi. Ni bei rahisi, lakini zitabaki fupi mno na vidole vitateseka. Ya pili, kubadilisha zile tano tu zilizoliwa. Ya tatu, kuzing'oa zote na kuweka mpya.

Mimi niliona ya pili inafaa. Bei nafuu na nusu ya gitaa inabaki ya mzee. Mume wangu akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Yaani nitoe zile alizozigusa baba, nibakize zile ambazo hakuzigusa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gitaa lilikuwa linalala chini ya kitanda. Vile vishimo vilikuwa vidole vya baba yake. Kuving'oa, kwake, kulikuwa kama kumzika mara ya pili.

Pesa nayo ilikuwa na neno. Fundi alitaka laki mbili na nusu, waya wa freti uagizwe Dar, na sisi tulikuwa tunahesabu mabati ya nyumba. Lakini mabati tungeyapata. Kilichokuwa kigumu ni mama mkwe. Habari zilimfikia kabla yetu, akapiga simu asubuhi na mapema: "Nasikia mnataka kukwangua mikono ya baba yenu."

Mpenzi msomaji, hapa mke anatakiwa kuwa na akili. Ni mambo ya ukoo, na wewe umekuja juzi. Ukisukuma, utaambiwa umekuja kubadilisha nyumba. Ukinyamaza, mumeo anabaki peke yake na uzito wake. Nilimwambia mume wangu jambo moja tu: tusimjibu mama kwa simu, tumpelekee gitaa.

Tulienda Jumapili. Tukamwamkia, tukala, hakuna aliyegusia jambo hilo. Vyombo vilipoondolewa, mama mwenyewe akasema: "Haya, mwanangu, lipige basi." Mume wangu akapiga ule mwendo ambao baba yake alikuwa akiupiga jioni. Gitaa likakoroma kwenye kodi ya kwanza, likakoroma ya pili, ya tatu ikatoka imepinda. Akajaribu tena. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Halafu akasema polepole, "Hiyo siyo sauti ya baba yako. Baba yako hakukoroma." Akanyamaza kidogo. "Yeye alipiga safi. Lipelekeni."

Hatukuongeza neno. Yeye ndiye aliyelisikiliza gitaa lile miaka mingi kuliko wote.

Fundi alitaka kazi ifanyike Agosti, kiangazi kikiwa kimekomaa, na sababu yake ilinifurahisha. Mbao hunywea hewa inapokuwa kavu, chuma hakinywei. Jua la Mpanda likikausha shingo, ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Ukizipunguza wakati ubao umesinyaa kabisa, mvua za Novemba zikija ubao utatanuka kidogo na ncha zitabaki salama ndani.

Kwanza alibandika vipande vya gundi ya karatasi pande zote za daraja, kwa kuwa kwenye magitaa haya daraja halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa waya tu. Ukitoa waya zote linaanguka, na likirudi hata milimita mbili pembeni gitaa zima linapoteza tyuni. Kisha akachukua kile chuma cha moto cha mafundi redio, akaipasha kila freti ili mbao ilegee, akaing'oa taratibu kwa koleo, akianzia pembeni. Ukiwa na pupa unameng'enyua ubao. Pale ulipomeng'enyuka alijaza unga wa mpingo na gundi.

Nilimuuliza anajuaje pa kuweka mpya. Akanionyesha mipasuo kwenye ubao. "Hapa hapabadiliki, mama. Palikatwa kwa hesabu kiwandani." Hesabu yenyewe ni hii: urefu wa waya uliobaki unagawanywa kwa 17.817 ndipo unapata freti inayofuata, na ukifika ya 12 uko katikati kamili ya waya. Zile za mzee zilikaa kwenye mipasuo ile, na hizi za mwanawe zinakaa mle mle.

Akazipiga mpya kwa nyundo, akazisawazisha kwa tupa, akazirudishia mviringo juu, akazing'arisha kwa msasa laini. Freti mpya zilikuwa ndefu kuliko za zamani, kwa hiyo kile kipande kinachobeba waya kule juu ya shingo kikawa kifupi. Akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Tuliununua buchani.

Freti za zamani hakuzitupa. Alizipanga kwa mfuatano kwenye kopo la kahawa, na mama mkwe sasa ndiye anayelitunza. Mikono ya mzee anayo yeye, na nadhani ndiyo haki.

Na gitaa? Linasikika nyumba ya tatu. Kodi zimenyooka, kila waya unasema chake, na lile neno fupi kavu la ridhimu, "chak, chak," limerudi. Siku ya kwanza mume wangu alipiga mpaka saa sita usiku. Katikati ya wimbo akasimama akalia, hatimaye, nami nikakaa pembeni yake bila kusema kitu. Asubuhi niliamshwa na sauti bafuni.

Wapo watakaosema kitu cha urithi kiachwe kama kilivyo, na kwa vitu vingine wana haki. Picha ya harusi ya bibi usiipake rangi. Lakini kabla hamjagombana, kaeni muulizane marehemu alikitumia kwa nini hasa. Cherehani alikitumia kushona. Baiskeli alikwenda nayo kazini. Na msiamue bila yule aliyeishi nacho kwa muda mrefu kuliko nyinyi, mpeni nafasi akione au akisikie kwanza.

Juzi nikiwa nafuta vumbi niliziangalia freti mpya kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ya pili, chini ya waya mwembamba, kameanza kaalama kadogo. Nimemwonyesha mume wangu. Akapitisha kidole juu yake, akasema kana kwamba anasahihisha daftari la mwanafunzi: "Naye anabana sana."