Mbegu za Nyanya

Mara mingi tukitaja mali ya Fizi tunataja zahabu. Leo nataka kuwaambia juu ya nyanya yangu, mama ya mama yangu, aliyekuwa na bustani nyuma ya nyumba hapa Baraka. Haikuzidi hatua 20 kwa 15, lakini sisi wajukuu 9 hatukulala njaa kwake.

Alipanda lengalenga, ngaingai, matembele, maharagi na muhogo. Aliniita "bwana yangu", sawa vile nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Na kwa kuwa nilikuwa bwana, kuteka maji ya kumwagilia ilikuwa kazi yangu kabla jua halijapanda. Nikikanyaga tuta anauliza: "Bwana yangu, miguu yako haina macho?"

Kabla ya kukata miti ya muhogo ya kupanda, alizunguka shamba akitazama majani. Shina lenye majani yaliyokunjamana na madoa ya manjano hakulikubali, hata jirani akimpa bure. Wataalamu wanaita ugonjwa ule mozaiki. Unaenezwa na inzi wadogo weupe, na sisi wenyewe tunapobeba miti yenye ugonjwa kwenda kuipanda. Nyanya hakukaa darasani hata siku moja. Alijua kwa macho.

Muhogo mchungu aliulowanisha siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo akauanika. Wamama mnaouza ugali machimboni, nisikilizeni hapa: ukitolewa majini mapema unabaki na sumu, na mwenye kuula kila siku bila maharagi wala samaki anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu, zaidi ya watoto na wanawake. Njaa ya mchimbaji ina haraka, najua. Muhogo hauna.

Jioni alisuka viragо vya matete, vitunga na lungo. Mwenye ndagala alileta ndagala, akaondoka na kitunga.

Vita vya 1996 vilipofika tulivuka ziwa kwenda Kigoma. Watu walibeba sufuria, redio, magodoro. Nyanya alifunga mbegu katika pindo la kitenge, kila aina na fundo lake. Katika kambi ya Nyarugusu tulipewa unga wa mahindi na maharagi, mboga hapana. Haikupita miezi miwili, lengalenga ilizunguka hema letu, na wanawake wakaja kuomba mbegu. Aliwapa kwa sharti: "Ukivuna, unirudishie kidogo, na zingine umpe jirani yako." Wengine walisema mama huyu ni mkali, anadai hata mbegu! Lakini mwaka uliofuata panya walikula akiba yake yote, na ni wanawake wale wale waliomrudishia.

Mwaka 2005 UNHCR ilianza kurudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Yeye alirudi 2007. Nyumba haikuwa na bati, bustani ilikuwa pori. Akaanza na bustani. Wajomba walikasirika sana.

Alifariki mwaka 2012. Chini ya kitanda tulikuta kirago kilichofika nusu. Wajukuu 9, mmoja mchungaji, mmoja muuguzi, wawili wachimbaji kule Misisi, na hakuna aliyejua kukimaliza. Kilikaa nyumbani kwangu miaka, kimekunjwa juu ya kabati.

Mwaka jana binti yangu wa kwanza alikipeleka kwa mama mmoja mzee wa mtaa wetu. Mzee alikigeuza-geuza, akafumua mistari miwili, akamwambia: "Kaa chini." Sasa wamebakiza upana wa mkono mmoja hivi. Matete yamewaishia, wanangoja maji ya ziwa yashuke wakakate mengine.