Upinde wa Babu

Sisi tuliozaliwa kando ya njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, upinde ulitulisha nyama kabla hatujaijua bunduki. Babu yetu alikuwa fundi wa pinde. Alikata mti mgumu wa kando ya kijito, akaupasua kwa kabari, kisha akauweka juu ya uchaga wa jikoni ukauke kwa moshi miezi mingi. Ugwe wake ulikuwa ukamba wa mwitu uliopasuliwa, ule ule wa kusukia vikapu.

Siku moja, Babu akiwa shambani, tuliutwaa upinde ambao hajaumaliza, tukaupara pande zote upate kupendeza. Jioni kaka yetu mkubwa akauvuta: ta! Ukavunjika. Babu hakutupiga. Alituonyesha mgongo wa upinde, yaani upande unaomwelekea mnyama, akasema, "Huku msiguse kwa kisu. Nyuzi za mti zikikatwa huku, upinde umekufa."

Baadaye tulijifunza kwamba mafundi wa Ulaya walishika agizo lile lile. Wao walichonga mti ambao kwa Kifaransa huitwa if. Mti wake mweupe wa nje huvumilia kuvutwa, ndio mgongo. Moyo wake mwekundu huvumilia kubanwa, ndio tumbo. Katika Mary Rose, meli ya vita iliyozama Uingereza mwaka 1545, wapiga mbizi walikuta pinde zaidi ya 100 za mti huo. Babu, ambaye Ulaya hakuiona, angezishika tu na kujua mgongo ni upi.

Mwaka 1964 vita vya Simba vikafika kwetu. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na pinde, bunduki chache. Usiku mmoja kaka yetu yule yule akautungua upinde wa Babu ukutani, akaenda nao. Hakurudi.

Babu hakuchonga tena. Wala sisi hatukuthubutu kumwomba atufundishe, maana usiku ule tulikuwa macho. Tulimsikia kaka akiutungua, tukajifanya tumelala.

Gogo la mwisho alilolianika lilikaa uchagani miaka mingi, jeusi kwa moshi. Masika moja kuni kavu zikakosekana kabisa, Mama akalitia motoni. Liliwaka polepole mno. Babu alikuwa pale pale, akiota moto.