Nililala na Mbwa Watatu Msituni Sikonge

Kwetu Bagamoyo mtoto hufundishwa mapema: ukiguswa na pua mbichi ya mbwa, utaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nimekua hivyo. Nikimwona mbwa mbele yangu, miguu huhamia upande wa pili wa njia kabla sijaiambia. Kwa hiyo mwenyeji wangu wa Sikonge aliponiarifu kwa simu kwamba tutakaa msituni siku nne, watu wanne na mbwa watatu, nilikuwa na swali moja tu.

"Mbwa watalala wapi, Mzee?"

"Watalala utakapolala wewe, mtani."

Aliniita mtani kwa haki yake. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na utani wetu ulizaliwa njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na shanga, msimu baada ya msimu, wakipita Uzaramoni kwenda na kurudi, hata tukawa watu wa kutukanana bila kukasirikiana na kuzikana bila kuitana. Mimi nimeishi miaka yote kwenye mwanzo wa njia ile, hatua chache kutoka Caravanserai, ambako misafara ilijipanga. Nilikuwa sijawahi kuona inakokwenda.

Nilipanda treni ya reli ya kati Dar es Salaam mwezi wa Juni, kusi likivuma. Baada ya Dodoma nilikaa dirishani nisitoke. Saranda tulinunua kuku wa kukaanga kupitia madirishani, kila mtu akinyoosha mkono kama anayepokea mtoto. Kisha treni ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, tukaipita Manyoni, tukaipita Itigi, na baada ya hapo nikaona kitu ambacho macho ya pwani hayakukizoea: miti isiyokwisha na isiyo na mtu. Kwetu hata pori lina mnazi wa mtu, na mnazi una mwenyewe. Huku saa nzima ilipita bila paa la nyumba. Wapagazi waliita sehemu hii Mgunda Mkali, na waliiogopa kwa ukosefu wa maji. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ile ikawa siku. Mimi nililalamikia kiti kigumu mpaka nilipokumbuka hesabu hiyo, nikanyamaza.

Tabora ilinipokea kwa miembe. Ni miembe mikubwa kuliko yetu, imepangwa njiani kama watu waliosimama kumsubiri mgeni. Embe ni tunda lililoingia na watu wa pwani, na nilipoweka mkono kwenye shina moja nilihisi nimekutana na ndugu aliyehama zamani akanenepa. Nilikwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa mpelelezi Livingstone. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa na kuta nene. Ndani kuna ubaridi kama wa mtungi. Stanley, aliyekuja kumtafuta, aliondoka hapa Machi 1872 kurudi pwani. Livingstone akabaki mpaka Agosti, akisubiri wapagazi.

Nilikaa kibarazani nikawaza mbwa, kwa sababu mbwa ndio walionitia hofu. Stanley alikuwa na mbwa wa ulinzi, Omar, aliyewekwa ili abweke mwizi akinyemelea hema. Omar hakufika huku. Aliugua tumbo akafa kabla msafara haujaingia Ugogo. Livingstone naye alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujikunja, Chitane. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka kinamasi kipana, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia, na aliandika mwenyewe kwamba alisahau kutoa agizo kuhusu mbwa. Chitane aliogelea akiwafuata mpaka nguvu zikamwishia. Nilitoka Kwihara na kisa hicho rohoni.

Kesho yake nilishuka basi Sikonge, na mwenyeji wangu alikuwa kituoni na baiskeli mbili. Kwetu baiskeli hubeba mkate na samaki. Hapa niliona baiskeli ikibeba madumu sita ya asali na mwenyewe akisukuma huku anaimba. Tulisalimiana kwa "mwangaluka", nikaitikia vibaya, akanifundisha tena. Nyuma yake walikuwa wameketi mbwa watatu wa kienyeji: Simba, dume jekundu lenye sikio lililochanika, Subira, jike jembamba la rangi ya majivu, na Bahati, bado mtoto. Hawakunirukia. Subira alininusa kwa mbali, akamtazama Mzee, akakaa. Nilikuwa nimeshika mkoba kifuani kama ngao, na Mzee hakusema kitu juu ya hilo. Namshukuru mpaka leo.

Kabla ya kuingia msitu wa kijiji, sasa tukiwa na vijana wawili wa Mzee na baiskeli zao, tulisimama kwa mgambo wa misitu. Mzee alitoa kwenye mfuko wa nailoni kibali cha kurina asali na kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Mgambo alizisoma zote, akawahesabu mbwa, akasema maneno ambayo bila shaka husema kila siku: mbwa wa kulinda kambi sawa, mbwa wa kuwinda hapana. Sheria ya nchi inakataza kuwinda kwa mbwa. Na ukiendelea magharibi ukafika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, mbwa haingii kabisa, kwa sababu hufukuza wanyama na huweza kuwaambukiza maradhi. Kumbe hata mbwa ana mipaka yake ya kwenda, nayo imeandikwa.

Safari ya ndani ilikuwa ya kusukuma baiskeli zaidi ya kuendesha. Mzee alinitajia miti kama mtu anayetambulisha jamaa: huu mtundu, huu muba, ule mninga. Nilikuwa nimevaa shati la bluu. Baada ya saa moja mgongo wangu ulikuwa umekaliwa na mbung'o, na kuumwa kwake ni kama kuchomwa sindano iliyopashwa moto. Mzee alinivua shati kwa amri ya upole: mbung'o hupenda bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Akanipa fulana ya kahawia. Kisha akamkagua Subira masikioni na tumboni, akamtoa mbung'o mmoja mmoja, maana ugonjwa wao huua mbwa haraka.

Tulifika kwenye mbuga yenye maji ya magoti, mabaki ya masika. Mzee alisimama kabla ya kuvuka. Akahesabu kwa sauti: watu wanne, baiskeli nne, mbwa watatu. Bahati alimbeba begani. Tulipofika ng'ambo akahesabu tena, kwa mpangilio uleule. Hakuwa amesikia habari za Chitane. Nilimsimulia tukiwa tunakamua suruali. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Msafara mkubwa hausahau mzigo, husahau kisicholia."

Kambi ilikuwa uwanja mdogo chini ya muba mkubwa, na vibanda viwili vya majani. Kwetu wavuvi hupiga dago: wakifuata samaki, hujenga vibanda ufukweni, wakala na kulala hapo mpaka msimu uishe. Nilitambua kila kitu: mafiga, moshi, nguo juu ya kamba, hata kimya cha watu wenye kazi. Tofauti ilikuwa uzio. Dago letu liko wazi kwa bahari. Hapa vijana wale wawili walikata miiba wakazungusha boma lote, wakaacha mlango mwembamba. Ndivyo misafara ilivyofanya pia katika vituo vyake.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali, nsansa, mboga ya majani makavu, iliyopikwa kwa karanga, na matobolwa kando. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Unavitafuna polepole, na utamu unakuja baadaye, kama wa kashata iliyofichwa. Mbwa walipewa ugali wao baada yetu, kila mmoja kwenye kipande chake cha gome, na hakuna aliyegusa cha mwenzake.

Kisha giza likaingia, na kwa giza lile likaja jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilidhani mbwa watafungwa nje ya boma, kwani si ndio walinzi? Mzee aliwaita ndani, akaburuta mti wa miiba kuziba mlango. Wakajilaza kuzunguka moto, Subira akiwa mkono mmoja kutoka mkekani kwangu.

"Mbona wamo ndani?"

"Chui anapenda nyama ya mbwa kuliko ya mbuzi. Ukimwacha nje, asubuhi utakuta ukanda wa shingo."

"Sasa nani anamlinda nani?"

Mzee alisukuma kinga cha moto. "Mbwa ana masikio, sisi tuna moto. Akikosa moto wetu, hafiki asubuhi. Tukikosa masikio yake, hatufiki sisi."

Nililala nimejikunja, shuka limefunika hadi nywele, baridi ya Juni ikipenya. Usiku wa pwani una sauti ya mawimbi isiyokatika. Usiku wa msituni unanyamaza, halafu kitu kinavunjika. Sijui ilikuwa saa ngapi Simba alipoinua kichwa. Hakubweka. Alinguruma kwa chini, na sauti ile niliisikia kwanza ardhini, kupitia mkeka. Subira akasimama, Bahati akajisogeza nyuma ya Mzee. Mzee aliongeza kuni bila kuinuka, akasikiliza, akasema, "Fisi. Anapita." Niliuliza amejuaje. Alinieleza kwamba mtu akija, Simba hubweka akisonga mbele, nyoka akiwepo, hubweka akiruka pembeni, fisi humngurumia, na chui akikaribia, Simba huja kimya kabisa akasimama juu ya miguu ya Mzee. Tulisikia kilio cha fisi kikienda mbali. Subira alizunguka mara mbili, akalala tena, na safari hii mgongo wake uliegemea miguu yangu.

Sikuiondoa miguu. Nilihesabu pumzi zake, na kabla hesabu haijafika mbali nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nitoke nyumbani.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa za asali. Mizinga ya zamani ni ya magogo na magome, imetundikwa juu ya miti. Mzinga wa gome huua mti unaochunwa, kwa hiyo vijana wa Mzee sasa hutengeneza masanduku ya mbao. Walipanda jioni, kienge cha moshi mkononi, na cheche zikawa zinadondoka kama nyota zilizochoka. Chini, kazi ya Simba ilikuwa kuzuia nyegere. Nyegere ni mnyama mdogo mwenye mgongo mweupe na roho isiyorudi nyuma. Akinusa masega hajali nyuki wala mtu. Mmoja alikuja kweli, akasimama mbele ya ndoo, Simba akabweka bila kumgusa, kwa kuwa wanafahamiana. Nyegere aliondoka kwa wakati wake. Masega tuliyaonja yakiwa na joto la mzinga. Asali ya msimu huu, kwa maneno ya Mzee, ni ya maua ya muba. Ni ya kahawia, nzito, na mwishoni huacha harufu ya moshi kooni. Nimekula halua ya pwani maisha yangu yote. Huu ulikuwa utamu uliotoka mwituni, haukupita jikoni kwa mtu.

Usiku wa mwisho nilimkumbusha Mzee mafundisho yetu ya kuosha mara saba. Naye ni Mwislamu. Akanikumbusha kisa cha Watu wa Pangoni, ambao mbwa wao alikaa nao miaka yote ya usingizi wao na akatajwa pamoja nao katika Kitabu. "Udhu ni wako, utautia tena," alisema. "Mlinzi wa kambi yeye pia ana haki yake." Nilitawadha kwa maji ya galoni, nikasali nyuma yake juu ya majani makavu, na mbwa wote watatu wakakaa nje ya mikeka bila kuambiwa.

Siku ya nne tulivuka mbuga tukirudi. Mzee alikuwa na dumu begani, akanitazama. Nilielewa, nikaanza kuhesabu mimi: watu wanne, baiskeli nne, mbwa watatu. Bahati nilimbeba mwenyewe. Moyo wake ulikuwa ukipiga kifuani kwangu haraka kama cherehani.

Nilirudi Bagamoyo na chupa mbili za asali na shuka lenye alama za miguu ya mbwa kwa udongo wa Sikonge. Mama alizitazama alama zile muda mrefu. Nilimweleza boma, fisi, na mgongo wa Subira miguuni pangu. Hakusema neno. Alichota udongo safi nyuma ya nyumba, akajaza beseni, akaanza kulifua shuka. Alipofika mara ya nne, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Na huyo mdogo, jina lake nani?"