Umri wa Tairi

Tulipokuwa Mombasa, gari letu lilikwenda kazini na sokoni, likarudi. Tangu tuhamie Kisumu, safari zetu zimebadilika. Leo twapita Ahero na Katito kwenda Kendu Bay na Homa Bay kuwazuru jamaa. Kesho twaacha lami na kushika njia ya changarawe iteremkayo ufuoni. Buti hujaa watu wasiohesabika na magunia yao. Matairi ambayo muuzaji aliyasifu kuwa yatafika kilomita 60,000, ya mbele yalikwisha kabla ya 35,000.

Si ajabu. Katika gari kama letu, magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo, yakatayo kona na kubeba uzito mwingi wa breki. Tena tairi lina lugha yake. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba. Likilika katikati, ulizidi. Likilika upande mmoja, magurudumu hayakunyooka. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi.

Dada zangu, kuna uzee mwingine usioonekana kwenye meno ya tairi. Fundi mmoja alituonyesha matairi ya mtumba, meno yamesimama, bei nusu ya mapya. Mume wangu alifurahi. Nikainama, nikatafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwanda: 1411. Maana yake, juma la 14 la mwaka 2011.

“Mama Salma, mbona meno yake mazima?”

“Meno mazima, Baba Salma, lakini mpira ni mzee.”

Mpira hukauka na kupasuka hata gari likisimama, na jua letu hapa karibu na Ikweta huuharakisha. Kampuni kama Michelin hushauri tairi lisitumiwe likipita miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata likiwa na meno. Gari la nyumbani lisilotembea sana huweza kuzeekewa na matairi kabla hayajawa kipara.

Tulinunua mawili mapya, tukaahirisha kabati la jikoni. Kabati lingoje; tairi likipasuka kwenye mteremko wa Kericho watoto wakiwa nyuma, hakuna wa kungoja.

Basi kila mwezi kagua mifereji ya tairi. Ndani yake mna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakilika hadi kulingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na mvua za alasiri za ziwani hazitapata pa kupita chini ya gurudumu. Gari litateleza juu ya maji. Kisha fungua buti usome tarakimu za tairi la akiba pia, kwani hilo halitembei, lakini miaka yake inahesabika.