Nimenunua mtambo wa pombe, Mama kauliza nani anakoroga

Haya jamani, nimepotea wiki tatu na chanzo ni pombe. Msinifikirie vibaya. Sikuwa nalewa, nilikuwa napika.

Wengi wenu mnanijua kwa habari za siasa na mpira. Kuna jambo sijawahi kuwaambia: mimi nimesomeshwa na mbege. Mama yangu anapika mbege huko Kibosho tangu kabla sijazaliwa. Ada, sare, madaftari, hata nauli ya kwenda Dar kwenye usaili wangu wa kwanza gazetini, vyote vilitoka ndani ya pipa. Nilipoingia kidato cha kwanza, fomu ya bweni iliuliza kazi ya mzazi. Nikaandika "mkulima". Si uongo mtupu, kihamba anacho na migomba anayo. Lakini niliandika vile kwa sababu shule ya msingi walikuwa wameniita Machicha, kwa harufu ya sweta langu, na sikutaka jina lile linifuate bwenini. Halikunifuata. Nililizika vizuri.

Sasa niko Portland, jimbo la Oregon, nasoma shahada ya pili. Watu wa mji huu wanaongelea bia kama sisi tunavyoongelea Simba na Yanga. Maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake, yanalimwa hapo kusini tu kwenye bonde la Willamette. Mwezi wa pili mwanafunzi mwenzangu akatualika kwake Jumamosi. Tukamkuta jikoni, wageni wamezunguka chombo kirefu cha chuma kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Akafunua mfuniko, mvuke ukanipiga usoni. Kimea cha moto! Harufu ya sweta langu, ile ile. Na yule bwana anajisifu! Baba yake daktari wa meno, hakuna aliyewahi kumwita Machicha.

Nilirudi nyumbani na hasira ambazo sikujua nimpelekee nani. Kesho yake nikaanza kutafuta mtambo wa kununua.

Hapa Marekani kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka bila kulipa kodi, yaani kama lita 378. Ila huruhusiwi kuuza hata glasi moja. Nilicheka peke yangu. Mama lita 378 anazimaliza kabla ya mwezi kuandama, na asingeuza, mimi leo ningekuwa nachunga mbuzi.

Mtambo wenyewe ni hivi. Fikiria sufuria ndefu ya chuma kisichoshika kutu, chini ina hita ya umeme, ndani kuna kikapu cha chuma chenye matundu, ubavuni pampu ndogo, na kwa mbele kijikioo cha namba. Unatia maji, unaweka nyuzi 67, unamwaga kimea cha shayiri kwenye kikapu. Saa nzima pampu inanyonya maji kutoka chini na kuyamwaga juu ya kimea, wanga unageuka sukari. Unanyanyua kikapu, machicha yanabaki humo, chini una togwa tamu. Unaichemsha na hopsi, unaipoza kwa koili inayopitisha maji ya bomba, unaihamishia kwenye ndoo na kutia hamira. Zamani watu walitumia masufuria matatu na jiko la gesi uani. Sasa ni chombo kimoja, na mpangaji wa ghorofa ya tatu kama mimi naye anapika.

Kuchagua ndiko kulikonimaliza. Wajerumani wa Speidel wana Braumeister, chuma cha kueleweka, lakini bei yake ni ya mtu mwenye nyumba yake. New Zealand kuna Grainfather, unaiongoza kwa simu. Australia kuna BrewZilla. Mambo ya simu na intaneti yaliniogopesha kidogo, maana nilisoma habari za PicoBrew ya hapo Seattle. Mitambo yake ilichukua maelekezo ya upishi kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti. Kampuni ikaanguka mwaka 2020, wateja wakaachwa na masanduku yanayotafuta bosi wao hewani. Nikasema hapana, mimi nataka sufuria inayojua kuchemka bila kuomba ruhusa.

Kilichobaki ni umeme. Soketi za kawaida za Marekani ni volti 120, na mtambo mwingi hapa unaishia wati 1,600. Ukiweka lita 25 za maji ya baridi, ni kama saa nzima kufika nyuzi 67, na baadaye saa nyingine, au dakika chache pungufu, kutoka hapo mpaka kuchemka. Nyumbani soketi yoyote ya ukutani ina volti 230. Ndiyo, umesoma sawasawa, kwa jambo hili soketi ya Kibosho inaipiga bao soketi ya Portland (umeme ukiwepo, najua, najua). Nikachukua mmoja ambao una swichi: kwenye 120 unatoa wati 1,600, kwenye 240 unatoa 2,800. Sitaji jina, hawajanilipa. Dola mia nne na ushee, akiba ya zamu za usiku za miezi minne. Wakati nalipa sikujiuliza kwa nini nataka mtambo wa volti 240 wakati naishi kwenye volti 120. Nadhani nilijua.

Siku ya kwanza breka ilijizima mara mbili, kwa sababu soketi ya jikoni ilikuwa inagawana waya na maikrowevu. Hilo likapita. Kosa kubwa lilitokana na tamaa. Sikutaka kupika bia ya watu, nilitaka ladha ya nyumbani. Nikaenda duka la Wahindi nikanunua unga wa ulezi, wao wanauita ragi, nikauchanganya kilo mbili na kimea cha shayiri, nikaweka nyuzi 67, nikakaa kusoma.

Baada ya nusu saa harufu ikabadilika. Pampu inakoroma, namba kwenye kioo zimepotea. Mtambo umejizima wenyewe. Unga wote ulikuwa umepita kwenye matundu ya kikapu, umekaa juu ya hita na kuungua, mweusi kama lami. Nilisugua kwa siki na magadi mpaka saa saba usiku.

Nikampigia Mama. Kwake ilikuwa mchana. Sikuwa nimemwambia kitu, kwa hiyo ilibidi nianze mwanzo: Mama, nimenunua mtambo wa kupikia pombe. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Pombe? Si uliniambia huko unasoma?"

"Nasoma, Mama. Hii ni ya kujifurahisha."

"Kujifurahisha," akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Nikamweleza yote, na lile tope. Hakuuliza nyuzi wala wati. Akauliza, "Unga wa ulezi umeuweka motoni, sasa nani alikuwa anakoroga?"

"Kuna pampu, Mama."

"Pampu inakoroga?"

Haikorogi.

"Na huo ulezi ulioteshwa?"

Haukuoteshwa. Ulikuwa unga mkavu wa dukani. Aliguna, kisha akanisomesha kama mtoto. Na nilipokwenda kusoma baadaye nikakuta maelezo yapo: wanga wa ulezi unataka joto kubwa kuliko wa shayiri ndipo ulegee, na joto hilo linaua vile vimeng'enya vya kimea vinavyoubadili kuwa sukari. Ndiyo maana uji unapikwa kwanza, pembeni, kwa mwiko, unapozwa, halafu ndipo unakutana na kimea. Mama anaupima kwa kidole. Mimi nilikuwa na kipimajoto.

Mara ya pili nilipika uji kwenye sufuria, nikakoroga mpaka bega likauma, nikaupoza, nikautia kwenye kikapu juu ya shayiri. Wiki mbili baadaye nikapata lita 18 za bia ya rangi ya vumbi, yenye uchachu kwa mbali. Yule mwenzangu wa baba daktari wa meno akanywa glasi tatu, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa Mama, ndiyo kazi yake, ana kilabu. Sentensi fupi hiyo. Sikuwahi kuitamka mbele ya mtu tangu darasa la saba.

Nilipompigia Mama kumpa habari, nilitegemea afurahi. Alikuwa na maswali mengine. Chombo hicho kinatoa moshi? Hakitoi. Hata kidogo? Hata kidogo. Akanyamaza tena. Mama ana miaka 61 na macho yake yanatoa machozi mchana kutwa. Daktari wa kule alishamwambia apumzike na moto wa kuni, naye akajibu kwamba wateja hawajapumzika. Nikawa namsimulia mambo ya ladha ya nyumbani, yeye anahesabu. Wati 2,800 kwa saa moja ni uniti ngapi? Karibu tatu. Akalinganisha na mzigo wa kuni. Bei yake? Nilipomtajia kwa shilingi alisema "Yesu wangu", kisha akauliza kinabeba lita ngapi. Arobaini. "Hizo ni za kuonja."

Nikamwambia ukweli: Mama, ndizi zitaungua humu kama ulezi ulivyoungua. Zinachemka masaa mengi mno.

"Si ulisema ndani kuna kikapu?"

"Kipo."

"Kikapu kinagusa moto?"

Hakigusi. Kinakaa juu ya hita, maji yanazunguka chini yake. Mwezi mzima nakitazama kikapu kile sijawahi kuwaza hivyo.

"Basi ndizi zikae kwenye kikapu, maji yachemke. Uji nitaukoroga mwenyewe pembeni. Lakini usinibebee chombo mpaka huko ukipime na ndizi."

Mtambo una kilo kama kumi na begi la ndege linaruhusu 23, nguo zangu zitabaki. Gome la msesewe huku sitalipata, lakini kwa jaribio si lazima. Ndizi ziko juu ya friji tangu Jumatatu, zimeanza madoa meusi. Mama anasema bado, mpaka zilegee. Nadhani Jumamosi.