Kabla ya Kununua Shamba Lililokuwa na Miti, Chimba Kwanza

Huku Lushoto huwa naitwa kukagua mashamba yaliyovunwa miti kabla mnunuzi hajatoa pesa. Wengi hutazama rangi ya udongo. Mimi huchimba.

Msimu uliopita mama mmoja alitaka kutoa akiba yake yote ya vikoba kununua ekari moja iliyokuwa na misindano. Udongo ulikuwa mweusi, wa kuvutia. Tulichimba mashimo matano, tukapata siafu tu.

Majani ya msindano ni magumu, huoza polepole na huongeza tindikali. Minyoo hawapendi tindikali kali. pH ikishuka chini ya 4.5 huwa wachache sana. Chini ya miti ya asili iliyochanganyika, majani laini huliwa na jongoo na minyoo, yakawa mbolea. Minyoo nao hutoboa njia za maji na hewa.

Pima hivi: asubuhi, baada ya mvua, maana udongo mkavu, hasa wa kichanga, huwafanya minyoo washuke chini. Chimba sentimita 25 kwa 25, kina 30. Mwaga udongo juu ya gunia, chambua kwa mkono, hesabu aina za viumbe, si idadi tu.

Mama yule alipunguziwa bei, akabaki na pesa ya samadi, na ya chokaa baada ya kupima pH.

Ukikuta aina nyingi, shukuru, na usichome majani. Hicho ndicho chakula chao.